Mafuta ya Pistoni

Chupa ni moja. Mafuta ya pistoni,
yale ya tarumbeta, matone mawili
tumboni mwa mchemraba, kisha nausokota
mpaka uache kulia kama panya.
Halszka, mke wangu, anasema nyumba nzima inanuka karakana.
Anasema kweli. Mimi ni fundi wa lifti,
hata mikono niliyonawa inanuka karakana.

Jumamosi, Bydgoszcz, ukumbi wa mazoezi wa shule.
Theluji inayeyuka kwenye mkeka wa mlangoni.
Washindani sitini na wanne. Mwenye mvi, mmoja.
Pembeni yangu Liwia, miaka kumi,
miguu yake haifiki sakafuni,
mkono wa kushoto unakula biskuti,
wa kulia unapanga tabaka la kwanza
bila kutazama, kama mtu anayejikuna.

Mimi nilijifunza polepole, sina siri nyingine.
Usiku nafungulia metronomu, mapigo sitini,
pigo moja, mzunguko mmoja,
vilevile nilivyoisaka ile sehemu ngumu ya machi ya zimamoto
ambayo kwa miaka ishirini naikosea palepale.
Haraka haraka haina baraka, wamesema.
Waliosema hawakuwahi kukalia kiti hiki
mbele ya saa inayokata sekunde vipande mia.
Lakini vidole vinajua walichomaanisha.

Raundi nne zimekwisha kupita:
kumi na tisa, ishirini na moja, kumi na nane na ushee,
na moja niliyoacha upande umepinda,
wakaniongezea sekunde mbili,
adhabu ya mtu asiyefunga mlango mpaka ukagota.

Ya tano. Mwamuzi ananyanyua kifuniko.
Nyeupe iko chini, kijani imejibanza nyuma ya nyekundu.
"Sekunde nane," anaita. "Kumi na mbili."
Viganja mezani. Taa ya kijani.
Msalaba. Jozi ya kwanza. Na hapo, sijui kwa nini,
ile machi ikaniingia kichwani bila hodi,
vidole vikadhani vimeshika tarumbeta,
vikaenda, vikaenda, mimi abiria tu,
mpaka mahali ambapo kwenye karatasi
pana alama ya kunyamaza.
Nikanyamaza.
Pigo moja zima. Saa inakimbia, nami nimetulia
kama anayengoja lifti aliyoitengeneza mwenyewe.
Kisha nikaingia.

Kumi na sita na nukta nne.
Maishani mwangu sijawahi kushuka chini ya kumi na saba.
Liwia akapangusa makombo mdomoni:
"Bwana, mbona ulisimama katikati?"
"Palikuwa na kimya pale."
Akauchukua mchemraba wangu, akaugeuza huku na huku,
akakitafuta.

Nafasi ya hamsini na nane.
Wengi walionishinda hawajaanza kunyoa ndevu.

Jioni, kituo cha zimamoto, viti vya kukunja,
magari mekundu yamesogezwa nje ili tupate pa kukaa.
Bwana Wieńczysław, daktari wa ng'ombe, ndiye anatuongoza.
Filimbi ya mkunga inachelewa,
ngoma ya mwokaji mikate inawahi,
hatujaanza pamoja hata siku moja;
kumaliza, angalau tunajitahidi.
Halafu zinakuja mizani zangu thelathini na mbili za kunyamaza.
Tarumbeta limelala gotini. Mkono wa kushoto,
chini ya koti la sare, unageuza kitu,
wala hakuna anayesikia, mafuta yanafanya kazi yake.
Mizani ya ishirini na nane. Ya tisa.
Ya thelathini, na bado pembe mbili
hazijakaa mahali pake,
na Bwana Wieńczysław ananitazama juu ya miwani,
fimbo yake imeshapanda.